Je, Wajua kwa Nini Ndege za Abiria Zilihama Eastleigh?

Mtu wa Kisumu anayepanda ndege ya asubuhi kwenda Nairobi hutua Embakasi, yaani JKIA, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Babu yake, kama alikuwa na pesa za kuruka mwaka 1950, alitua kwingine kabisa: Eastleigh. Ndiyo, Eastleigh hii hii ya maduka ya nguo na matatu za nambari sita na tisa. Leo uwanja ule umezungukwa na ua wa jeshi, unaitwa Moi Air Base, na ndiyo makao makuu ya Jeshi la Anga la Kenya. Tiketi ya kwenda huko haiuzwi.

Wengi hudhani kwamba jeshi liliwanyang'anya raia uwanja wao. La hasha. Wenye nyumba walikuwa wanajeshi tangu mwanzo, na abiria walikuwa wapangaji tu.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lango la anga la Kenya halikuwa hata Nairobi. Lilikuwa Kisumu, na sisi watu wa Dala, yaani Kisumu, tukijigamba kidogo hapa mtatuvumilia. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianza safari za kila wiki kutoka London hadi Mwanza. Kutoka Khartoum kuja huku zilitumika ndege za kutua majini: ziliruka kutoka mto Nile na kuteremkia ziwani Kisumu. Mwaka uliofuata safari zikarefushwa hadi Cape Town, na hapa Kisumu abiria walihamia ndege za nchi kavu zilizopitia Nairobi. Kufikia 1937 zilikuja ndege kubwa zaidi za majini, aina ya Short Empire, kutoka Southampton hadi Durban. Hizo zikitoka Kisumu zilivuka moja kwa moja hadi Mombasa. Nairobi iliunganishwa na vindege vya Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa na Florence Kerr Wilson mwaka 1929.

Sababu ya ziwa kupendwa ni rahisi. Ndege nzito huhitaji nafasi ndefu ya kukimbia kabla ya kupaa, na siku hizo viwanja vingi vya Afrika vilikuwa vya nyasi au udongo, mvua ikinyesha ni matope. Ziwa halihitaji saruji wala greda.

Vita vikabadilisha mambo. Waitaliano walikuwa Ethiopia na Somalia, jirani kabisa, na Italia ilipoingia vitani Juni 1940 Waingereza walihitaji kituo kikubwa cha ndege za kivita Kenya. Ndipo Jeshi la Anga la Uingereza likafungua uwanja Eastleigh mwaka huo huo, kando ya mtaa ambao tayari ulikuwa na jina hilo tangu 1921. Ndege za Wilson Airways nazo zilichukuliwa kwa shughuli za vita, na kampuni hiyo haikuinuka tena.

Vita vilipoisha, Nairobi ilikuwa na uwanja mzuri wa jeshi na haikuwa na uwanja wa abiria wa hadhi hiyo. Raia wakakaribishwa. Shirika la East African Airways lilianza safari zake 1946 kwa vindege vidogo vya Dragon Rapide, na Eastleigh ikawa kituo chake kikuu. Ndege za majini hazikufa mara moja. Kuna kipindi shirika la Uingereza la BOAC liliwashusha abiria wa Nairobi katika Ziwa Naivasha, kisha wakapandishwa bonde la ufa kwa barabara. Lakini kufikia mwisho wa 1950 BOAC iliachana nazo, na Eastleigh ikabaki bila mshindani.

Tarehe 1 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza na mumewe walitua hapo kwa ndege ya BOAC iliyoitwa Atalanta. Siku tano baadaye, akiwa Sagana, alipata habari kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni Malkia. Alirudi vipi? Aliruka kutoka Nanyuki kwa ndege aina ya Dakota ya East African Airways hadi Entebbe, ambako Atalanta ilikuwa ikimsubiri.

Mwaka huo huo wa 1952, Oktoba, serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari ili kupambana na Mau Mau, wapiganaji wa uhuru. Kuanzia mwishoni mwa 1953 hadi 1955, ndege za mabomu aina ya Lincoln zilikuwa zikiondoka Eastleigh kwenda kupiga misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Hebu fikiria msafiri aliyevaa suti akingoja ndege ya London, na kwenye njia ile ile ya kurukia, mabomu yanapita kuelekea kwa Wakenya waliojificha msituni. Hapo ndipo upangaji ule ulionekana wazi: mwenye nyumba akiwa na shughuli zake, mpangaji husogea.

Hata hivyo si vita vilivyowaondoa abiria. Ni ndege za jeti. Mei 1952 BOAC ilianzisha safari ya kwanza duniani ya abiria kwa jeti, ndege ya Comet, kutoka London hadi Johannesburg. Afrika Mashariki ilisimama Entebbe, iliyokuwa imepata uwanja mpya mwaka mmoja kabla. Nairobi ikaachwa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Injini hupata hewa kidogo ya kuchomea mafuta, na mbawa hulazimika kukimbia kasi zaidi ili ndege iinuke. Ongeza joto la mchana, mambo huwa magumu zaidi. Dawa yake ni njia ndefu ya kurukia, na Eastleigh ilikuwa imebanana na makazi ya watu.

Mbuga za Embakasi zilikuwa na nafasi tele. Uwanja mpya ulifunguliwa 1958, na sehemu kubwa ya kazi ya kuchimba na kusawazisha ilifanywa na mahabusu wa Mau Mau. Jambo hili halitajwi sana mtu anapopanga foleni ya kukaguliwa mizigo pale.

Baada ya hapo Eastleigh ikabaki ya wanajeshi peke yao. Uhuru ulipokuja, Jeshi la Anga la Kenya lilianzishwa rasmi hapo tarehe 1 Juni 1964, na Waingereza wakaondoka kabla ya mwaka kwisha. Hakuna raia aliyekuwa na haja ya kuudai uwanja. Ndege zao zilikuwa Embakasi.

Lakini hadithi yake ilirudi kugusa watu wa Nyanza. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, kijana wa Nyakach. Mambo yalipoharibika saa chache tu baadaye, yeye na mwenzake Pancras Oteyo waliwalazimisha marubani kuwarusha kwa ndege aina ya Buffalo kutoka Eastleigh hadi Tanzania. Baadaye walirudishwa Kenya, wakahukumiwa, na Ochuka akanyongwa 1987. Jeshi la Anga lilivunjwa na kuundwa upya kwa jina la 82 Air Force, na halikurudishiwa jina lake hadi 1994.

Na ukipitia orodha ya wadi za eneobunge la Kamukunji leo, utakuta moja inaitwa Airbase. Ina mwakilishi wake kaunti, na wapiga kura wake husikia ndege za jeshi zikipita juu ya paa kila zinaposhuka.