Tanga 1914: si nyuki walioshinda

Mpaka leo wapo wanaosimulia kwamba Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitimuliwa Tanga na nyuki waliotegwa na Wajerumani. Nyuki walikuwepo kweli: risasi zilipiga mizinga iliyotundikwa mitini, wakatoka kwa hasira na kuuma pande zote mbili. Lakini mambo yalikwisha haribika mapema. Askari wao wapatao 8,000, walioletwa na Waingereza kutoka India, walikuwa wamechoshwa na bahari, na kamanda wao Jenerali Aitken hakupeleleza pwani ipasavyo. Tarehe 2 manowari ya Waingereza, Fox, ilitangulia kuuonya mji, kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck akapata nafasi ya kuleta askari kwa reli kutoka Moshi. Walikuwa kama 1,000, wengi Waafrika. Makaburi ya vita yapo Tanga hadi leo, lakini kisa cha nyuki huwafanya watu wawasahau askari hao, na hilo ndilo linaloniuma.