Mstari wa kahawia pembeni ya jino lililozibwa: maswali na majibu

Gundi ya meno ni nini?
Ni rezini (aina ya plastiki) laini inayopakwa kwenye jino na kugandishwa kwa mwanga wa buluu. Ndiyo inayoshikilia kijazio cheupe.

Kwa nini ukingo wake hubadilika rangi na kuacha mstari?
Chai, kahawa na tumbaku huacha doa la juu, nalo huondoka daktari akilisugua. Rangi iliyoingia ndani ni shughuli nyingine. Gundi nyingi hunyonya maji, na maji huingia na rangi. Taa ikiwa dhaifu, ikishikwa mbali au muda ukikatwa, rezini haigandi vya kutosha, hivyo hunyonya zaidi na kuwa njano mapema. Zile zinazoganda kwa kuchanganywa mara nyingi huwa na amini (kemikali za kusaidia kuganda), ambazo hugeuka njano kadiri miaka inavyopita.

Nisugue mstari kwa mkaa, magadi au ndimu?
Hapana. Mkaa hukwaruza rezini, na kila mkwaruzo hushika rangi mpya. Ndimu huyeyusha enameli (tabaka gumu la nje la jino) ukingoni, palepale gundi inapojishikiza. Utasugua wiki mbili, mstari upauke kidogo, kisha urudi mweusi zaidi. Basi unasugua tena!

Lakini hauumi. Si nisubiri?
Usisubiri. Mstari unaweza kuwa doa tu, au mwanya unaopitisha bakteria chini ya kijazio. Mara nyingi uozo hauumi mpaka ukaribie kiini cha jino. Anayengoja maumivu huja akihitaji kutibiwa mzizi, wakati ukingo ungeweza kurekebishwa bila hata kutoa kijazio chote.

Nitatofautishaje kwa kioo?
Hutaweza. Daktari hukausha jino, hukagua ukingo na, ikibidi, hupiga eksirei. Uzi wa meno ukichanika hapo, chakula kikinasa au jino likisisimka kwa kitu kitamu, nenda wiki hii.

Na dawa ya kung'arisha meno?
Peroksidi iliyomo hung'arisha jino, haibadilishi rangi ya rezini. Kijazio kitaonekana cheusi kuliko mwanzo. Kwanza ng'arisha, subiri takriban wiki 2, ndipo kibadilishwe. Oksijeni iliyobaki kwenye enameli huzuia gundi isishike. Lakini mwanya uchunguzwe kabla ya yote, maana dawa ikipenya humo utajuta.

Kijazio kipya nikitunzeje?
Rezini huendelea kuganda saa 24 za kwanza. Siku hiyo acha chai, kahawa na sigara. Sigara, kusema kweli, usiirudie.