Je, wajua kwa nini anayejinyima mchana hushindwa kujizuia usiku?

Katika hosteli za vyuo vya Iringa na Mbeya, kupunguza mwili kuna sababu nyingi. Huyu ana send-off ya dada yake na kitenge kimeshonwa kikimbana. Yule kaambiwa na mpenzi wake kwamba amenenepa. Mwingine kwao kuna presha na sukari, anaogopa yasimfike.

Sababu hizo hazina hatari sawa. Watafiti waliozilinganisha wameona kuwa wanaopungua kwa ajili ya mwonekano huangukia zaidi njia mbaya, kama kushinda na njaa au kujitapisha, kuliko wanaopungua kwa ajili ya afya. Mimi naona ni kwa sababu presha ikishuka, kipimo kinasema imeshuka. Uzuri hauna kipimo. Kila ukipungua, jicho linatafuta pengine pa kukosoa.

Wala tusijidanganye kwamba sisi tunaosifia mtu kunawiri tumekingwa. Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, nako mwili mkubwa ulisifiwa. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995, na wakati huo hakuna msichana aliyehojiwa aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walifika 11 katika kila 100.

Sasa turudi kwenye usiku. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, vijana 36 wa kiume wenye afya njema walijitolea kula karibu nusu ya chakula chao kwa miezi sita. Hawakuwa na shida yoyote na miili yao. Lakini waliwaza chakula mchana kutwa, wakasoma vitabu vya mapishi, wakawa na hasira, wakahisi baridi muda wote. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula na kula wasishibe. Mwili ukinyimwa hushusha homoni ya shibe na kupandisha ya njaa. Kwa hiyo binti aliyepiga pasi ndefu, yaani kushinda bila kula, tangu asubuhi, kisha saa nne usiku akamaliza chipsi mayai sahani mbili, hajakosa nidhamu. Mwili wake unadai. Kesho yake anajiadhibu kwa kufunga tena, na mzunguko unaendelea. Bumu, yaani fedha za kujikimu za mwanafunzi, likichelewa, hata asiyetaka kupungua hupiga pasi ndefu, na mwili wake hudai vilevile.

Chai za kukata tumbo nazo zinanitia hofu. Nyingi zina sanamaki, ambayo huharisha. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na madini ya potasiamu, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika.

Dalili za anayejinyima hivi zinajificha, hasa huku kwetu: mwezi wa saba Iringa nani asiyevaa sweta mbili? Basi tazama mengine. Hedhi imekata, anazimia, anakwenda chooni kila akimaliza kula, hataki kula mbele ya wenzake. Wavulana wamo pia. Usimwambie “umependeza, umepungua”. Kaa naye, mwulize anaendeleaje, kisha msindikize zahanati ya chuo au kwa mshauri wa wanafunzi. Akizimia au moyo ukimwenda mbio, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Na anayehitaji kupungua kwa ajili ya afya asiruke mlo: dona kiasi, maharage, mboga za majani nyingi, soda aache, atembee. Nusu kilo kwa wiki inatosha.