Sukari "Imepanda Kidogo Tu": Maana Yake na la Kufanya

Mwezi uliopita mama mmoja anayeuza mitumba soko la Kibuye aliingia kliniki kwetu hapa Kisumu na karatasi iliyokunjwa mara nne, ameifunga kwenye pindo la leso. Mhudumu wa afya ya jamii alikuwa amempima nyumbani asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, akaandika 6.4. "Daktari, nimeambiwa sina kisukari," akasema. "Sasa mbona nimetumwa hapa?"

Mimi ni mtaalamu wa lishe, na swali hilo nalisikia karibu kila wiki. Ni kweli hakuwa na kisukari. Mtu aliyekaa saa nane bila kula, sukari yake ikifika milimoli 7.0 kwa lita na kipimo cha pili kikathibitisha, huyo ana kisukari. Chini ya hapo kuna eneo la hatari: Shirika la Afya Duniani huanza kulihesabu kwenye 6.1, wataalamu wa Marekani kwenye 5.6. Kwa namba ya mama huyu, wote wangesema jambo moja: hajafika, lakini yuko njiani.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Kongosho hutoa insulini, nayo huiambia misuli na ini wapokee sukari iliyo kwenye damu. Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, misuli nayo ikikosa kazi, ujumbe huo husikika kwa shida. Basi kongosho hutoa insulini zaidi, na zaidi tena, mwaka baada ya mwaka. Muda wote huo mtu haumwi popote. Kiu na kuamka usiku kukojoa huja baadaye, kongosho likishachoka. Ndiyo maana naogopa sana neno "kidogo tu".

Dalili moja huweza kuonekana mapema: ngozi ya nyuma ya shingo au ya kwapani huwa nyeusi na nene kama mahameli. Nimeona wasichana wamesuguliwa shingo hadi ngozi ikachubuka, nyumbani wakidhani ni uchafu. Tafadhali msiwaumize watoto. Waleteni wapimwe.

Wengi wetu hatujipimi. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba watu wazima wapatao 88 katika kila 100 nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Siku hizi wahudumu wa jamii wana mashine ya kupimia kwenye mikoba yao, kwa hiyo ukiwa na tumbo kubwa, presha, mzazi au ndugu mwenye kisukari, au uliwahi kupata kisukari cha ujauzito, mwombe akupime.

Nilipomuuliza yule mama anakula nini, alijibu haraka: "Sukari niliacha kitambo. Chai nakunywa bila." Kwenye meza yangu huwa nina sahani na donge la udongo wa mfinyanzi. Nikamwomba anionyeshe ugali wake wa usiku. Akaufinyanga kwa mikono miwili mpaka ukajaa zaidi ya nusu ya sahani na kuinuka juu ya kingo. Mboga aliichora kwa kidole pembeni, kama vijiko viwili. Hapo ndipo ilipokuwa sukari yake. Unga wa ugali, mandazi na chapati tumboni hugeuka sukari ileile. Tena kulikuwa na soda ya mchana sokoni, ambayo hakuihesabu kabisa. Chupa ya mililita 500 huwa na gramu 50 hivi za sukari, yaani vijiko vya chai kumi na viwili.

Tukalikata donge likabaki la ukubwa wa ngumi yake, robo ya sahani. Robo nyingine samaki, omena au maharagwe. Nusu nzima ni mboga: osuga, dek, apoth, sukuma. "Nitashiba kweli?" Anza na mboga na samaki, nikamwambia, ugali uje mwisho. Sukari pia hupanda polepole zaidi ukila hivyo. Wapo wanaoamini ugali wa mtama na muhogo ni dawa, kwa hiyo wanakula mlima mzima. Wimbi na mtama ni vyakula vizuri, lakini kipimo ni ngumi ileile, na muhogo ni wanga mtupu.

Kuhusu miguu, sina mengi: jumla ya dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kukufanya upumue kwa nguvu kidogo. Anayepanda boda kutoka Kibuye hadi Kondele aende kwa miguu. Hata dakika kumi na tano baada ya chakula cha jioni husaidia, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua sukari yenyewe.

Haya yamejaribiwa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wenye watu zaidi ya 3,200, matokeo yake yakatolewa 2002, lengo lilikuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika hizo 150. Kwa takriban miaka mitatu, hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwa waliopewa dawa ya metfomini ilipungua kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu hivi. Metfomini ina nafasi yake, lakini hilo ni la daktari kuamua, usinunue dukani.

Jambo moja linatuhusu sana sisi wa kanda ya ziwa. Kipimo cha HbA1c, kile cha kuangalia sukari ya miezi mitatu, hutegemea chembe nyekundu za damu. Mwenye selimundu (sickle cell), ugonjwa wa kurithi wa chembe hizo ulio mwingi kwetu, au aliyerithi upande mmoja tu bila kuugua, au aliyepungukiwa damu, anaweza kupata jibu lisilo sahihi. Kwenu kukiwa na selimundu, sema kabla hujatolewa damu, ili upimwe kwa njia nyingine.

Yule mama anarudi baada ya miezi mitatu. Nimemwomba aje asubuhi kabla ya kufungua kibanda, amekunywa maji tu, hata chai ya rangi asiiguse, na aje na karatasi ileile ya kwanza.