Je, walimu wazuri huondoka kwa sababu ya mshahara tu?

Imezoeleka kusema kwamba mwalimu mzuri akiacha shule ya umma, amefuata pesa. Mshahara una uzito, na anayelipwa kidogo au kwa kuchelewa ana haki ya kulalamika. Lakini maelezo hayo yanaishia njiani.

Mwaka 2001 mtafiti Richard Ingersoll alichapisha uchambuzi wa takwimu za walimu wa Marekani. Walioondoka kwa kutoridhika walitaja malipo duni, ndiyo, lakini pia uongozi usiowaunga mkono, utovu wa nidhamu wa wanafunzi na kutoshirikishwa katika maamuzi. Baadaye, hukohuko Marekani, walimu hodari waliahidiwa dola 20,000 kwa miaka miwili wahamie shule zenye matokeo ya chini. Malipo yalipokuwa yakiendelea, walibaki kwa wingi kuliko wenzao. Yalipokwisha, tofauti hiyo ilififia.

Hapo ndipo ofisi ya mwalimu mkuu inapohusika. Ratiba hubadilishwa bila taarifa, vikao hula muda wa vipindi, mwalimu huachwa peke yake mbele ya mzazi mwenye hasira. Kinachoniuma ni kwamba mengi ya haya hayasubiri bajeti kubwa. Yanahitaji mkuu aliyefunzwa kuongoza, maana umahiri wa darasani haumwandai mtu kusimamia watu wazima wenzake, na bado wengi hupandishwa cheo kwa kigezo hicho tu. Mwalimu mpya naye apangiwe mlezi mzoefu tangu wiki ya kwanza, na mlezi huyo apunguziwe vipindi ili apate muda wa kumsaidia.