Mafuta, umeme na majirani: tunayoambiana vijiweni Arusha na ukweli wake

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na siku hiyo vijiwe vya bodaboda kuanzia Kilombero hadi Sanawari vinakuwa na mada moja. Moshi ni vilevile. Nimesikiliza mengi kwenye vijiwe hivyo. Mengine yananiuma, maana yanarudiwa hata na watu wanaopeleka watalii Serengeti, ambao bila dizeli biashara yao inalala. Bei inaumiza kweli na kulalamika ni haki yetu, ila mara nyingi tunagonga mlango wa nyumba nyingine. Tumezoea kuamini kwamba nchi ikiwa na kisima au bwawa lake, basi imeshajihakikishia nishati. Zipo nchi zenye visima ambazo watu wake wamekesha kwenye foleni za petroli, na zipo zisizo na tone ambazo hazijui foleni, kwa sababu zina njia zaidi ya moja ya kuletewa mafuta, zina akiba kwenye matangi, na zina makubaliano ambayo muuzaji na mnunuzi wote wanayaheshimu.

“Bomba la Hoima likishafika Tanga, petroli Arusha itakuwa bei ya chee”

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na naielewa. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko ndani ya Tanzania. Linaanzia Kabaale, Hoima, nchini Uganda, na kuishia Chongoleani, Tanga, mkoa uleule ambao bandari yake inalisha vituo vyetu vya Kanda ya Kaskazini. Ukitazama ramani, unaona kabisa mafuta yanakuja kutua karibu na maboza yetu.

Lakini kinachopita humo ni mafuta ghafi. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, na yakiachwa kwenye joto la kawaida yanaganda. Ndiyo maana bomba limewekewa mfumo wa kuyapasha moto ili yabaki kwenye nyuzi joto 50 hivi njia nzima. Yakifika Chongoleani yanaingia kwenye matangi, yanapakiwa melini, yanaenda kusafishwa ng'ambo. Hakuna pikipiki itakayowaka kwa mafuta hayo. Kiwanda chetu cha TIPER, Kigamboni, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 1999, na siku hizi kazi yake ni kuhifadhi. Kenya nayo ilisimamisha kiwanda cha Mombasa mwaka 2013. Uganda ina mpango wa kujenga kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku hukohuko Hoima, na kwa maoni yangu mtu wa Arusha anapaswa kuufuatilia mpango huo kuliko anavyolifuatilia bomba, kwa sababu petroli na dizeli yake ndiyo ingeweza kuja kushindana na ile inayoletwa na meli.

Hata hicho kiwanda, kikijengwa, hakitalazimika kuuza kwa bei ya chee. Petroli ina soko la dunia, na mwenye kiwanda atapiga hesabu akiangalia bei ya kuagiza kutoka nje. Tuwaangalie Wanigeria. Wamechimba mafuta tangu miaka ya 1950, wamo OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, tangu 1971, na bado kwa miaka mingi walikuwa wanaagiza petroli nje kwa sababu viwanda vya serikali yao vilikuwa vibovu. Kiwanda cha Dangote karibu na Lagos, chenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku, kilianza kazi mwaka 2024. Kimepunguza utegemezi wao, lakini hakikuwarudishia zile bei za ruzuku walizozizoea kabla ya Mei 2023.

Faida ya bomba kwetu ipo, na ni ya aina nyingine. TPDC, shirika letu la taifa la mafuta, ina asilimia 15 ya hisa, sawa na kampuni ya mafuta ya Uganda. TotalEnergies ya Ufaransa ina 62 na CNOOC ya China ina 8. Kuna ada ya kupitisha, kuna kodi, kuna kazi za bandarini. Mimi nauthamini zaidi mkataba wa serikali mbili uliosainiwa mwaka 2017. Uganda ina mafuta na haina bahari. Sisi tuna bahari na hatujapata mafuta ghafi ya kuchimba kibiashara. Mkataba ule unamfanya kila mmoja aumie mwenzake akiumia. Ushirikiano wa namna hiyo hauonekani kwenye bango la sheli, lakini ndio unaomzuia jirani kufunga koki siku mkigombana kwa jambo jingine.

“Dunia imeshusha bei, sheli zinatuibia”

Wizi upo, nitaufikia. Kwanza tuone mafuta yanavyofika hapa.

Tangu 2012 Tanzania inaagiza mafuta kwa pamoja. Kampuni zinakusanya mahitaji, zabuni inatangazwa, atakayeleta kwa gharama ndogo ndiye anayepewa meli. Mafuta yanayouzwa leo Kijenge au Soweto ya Moshi yalinunuliwa wiki nyingi zilizopita, kwa bei ya wakati ule, na kulipiwa kwa dola. Bei ya Brent, mafuta ghafi yanayotumika kupimia bei ya dunia, ikianguka usiku huu, taarifa inafika kwenye simu yako kabla ya kulala. Mafuta yenyewe ya bei hiyo hayajapakiwa hata melini.

Halafu kuna suala la bandari, ambalo ni letu hasa sisi watu wa kaskazini. Bei zetu hufuata meli za Tanga. Imeshatokea zaidi ya mara moja EWURA ikatangaza kwamba bei za Tanga, Kilimanjaro, Arusha na Manyara hazibadiliki kwa sababu hakuna shehena mpya iliyopokelewa Tanga, huku Dar es Salaam bei ikisogea. Mtu wa Moshi mwenye ndugu Dar anaona kaonewa. Hajaonewa: tangi la Tanga bado lina mafuta ya bei ya zamani.

Jambo la tatu ni kodi. Tozo ya mafuta na ushuru wa bidhaa hutozwa kwa shilingi kadhaa kwa kila lita, bila kujali pipa linauzwaje Ghuba. Kwa hiyo pipa likishuka robo, bango haliwezi kushuka robo, maana sehemu ile ya kodi haitikisiki. Hapo mwenye kulalamika amuulize mbunge wake wakati wa bajeti, asimfokee binti anayejaza mafuta.

Sasa wizi. Bei ya EWURA ni kikomo cha juu. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake, hakiruhusiwi kuuza juu. Piga *152*00# uone kikomo cha eneo lako. Angalia namba za pampu zianze na sifuri kabla mkono wa pampu haujaingia kwenye tangi, angalia stika ya Wakala wa Vipimo, na dai risiti hata kama umeweka mafuta ya elfu tano. Bila risiti huna kesi.

“Wenye visima wanataka bei ipae tu, mnunuzi hana sauti”

Dhana hii ina mizizi ya kweli. OPEC ilizaliwa Baghdad Septemba 1960 kwa nchi tano: Iran, Iraq, Kuwait, Saudi Arabia na Venezuela. Mwaka 1973 na 1974 bei ikapanda karibu mara nne, kutoka kama dola 3 kwa pipa hadi karibu 12. Ikaja 1979, ikapanda tena, na sisi tulikuwa tumetoka kwenye vita vya Kagera. Wazee wa hapa mjini wanakumbuka marufuku ya magari binafsi Jumapili mchana. Nchi tajiri zinazonunua mafuta zilijibu kwa kuunda Shirika la Kimataifa la Nishati mwaka 1974, na kila mwanachama anapaswa kuwa na akiba ya siku 90 ya mafuta anayoagiza.

Kilichofuata ndicho kinachosahaulika. Bei zilipokaa juu, wanunuzi walibana matumizi, na visima vipya vya Alaska na Bahari ya Kaskazini vikazidi kumwaga mafuta sokoni. Saudi Arabia, katika kujaribu kuishikilia bei, ilipunguza uzalishaji kutoka karibu mapipa milioni 10 kwa siku mwaka 1980 hadi chini ya milioni 4 mwaka 1985. Mwaka uliofuata bei iliporomoka hadi kwenye dola 10 hivi. Muuzaji akawa amepoteza soko na bei kwa pamoja. Tangu hapo, wazalishaji wenye busara wanaiogopa bei iliyopaa kupita kiasi karibu sawa na iliyoanguka, kwa sababu inawafukuza wateja moja kwa moja. Na zikianguka, huumia wao kwanza: tarehe 20 Aprili 2020, wakati wa korona, mafuta ya Marekani kwa mkataba wa mwezi uliofuata yaliuzwa chini ya sifuri, yaani mwenye mafuta alimlipa mtu ayachukue.

Ndiyo maana, baada ya msukosuko wa vita vya Ghuba, wazalishaji na wanunuzi walikutana Paris mwaka 1991, na mazungumzo yale yakazaa Jukwaa la Kimataifa la Nishati lenye sekretarieti yake Riyadh. Kazi yake kubwa haina mbwembwe: kukusanya takwimu za nani anazalisha kiasi gani, nani anatumia kiasi gani, nani ana akiba kiasi gani, na kuziweka wazi. Soko lisilo na takwimu huendeshwa na hofu, na bei ya hofu tunailipa hata sisi tulio chini ya Mlima Meru.

“Kununua umeme Ethiopia wakati tuna Bwawa la Nyerere ni aibu”

Machi 2025, Rais Samia akiwa Kilimanjaro alisema kanda yetu itanunua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya. Kelele zilizofuata nazikumbuka vizuri. “Dada, megawati 2,115 zimekwenda wapi?” kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza, kwa uchungu wa mtu aliyeambiwa kwamba bwawa ni lake.

Megawati zipo. Ziko Rufiji, na sisi tuko huku. Umeme ukisafiri mamia ya kilomita kwenye nyaya, sehemu yake inageuka joto na kupotelea njiani. Mchaga anajua maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia: kinachoingia kule juu sicho kinachofika shamba la mwisho. Sisi ndio shamba la mwisho. Mwenye mashine ya kusaga Himo au Usa River anaujua umeme mdogo jioni, mota inanguruma haizunguki, friji inakufa. Serikali ilieleza kuwa hasara ya kuupeleka umeme kaskazini kutoka kusini ni shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Mabwawa yaliyo karibu nasi kwenye bonde la Pangani ni madogo: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, Pangani Mpya 68. Hayawezi kubeba Arusha ya leo.

Njia ya kuuleta umeme wa jirani ipo tayari. Laini ya kilovoti 400 kutoka Singida inapita Babati, inafika Arusha, inavuka Namanga hadi Isinya, karibu na Nairobi. Uwezo wake ni megawati 2,000. Kenya nayo imeungana na Ethiopia kwa laini ndefu inayozidi kilomita 1,000, na wamekuwa wakiuziana umeme tangu 2022. Umeme unaotiririka kuja huku leo, kesho unaweza kutiririka kwenda kule kupitia waya uleule. Mvua zikikatika Ethiopia na Rufiji ikajaa, muuzaji atakuwa sisi. Tanzania iliingia kwenye muungano wa gridi za Afrika Mashariki mwaka 2010 kwa ajili hiyo.

Wasiwasi mmoja nauheshimu: je, Nairobi ikizimika, nasi tutazimika? Kenya imewahi kupata giza la nchi nzima mara kadhaa, na hata gridi yetu imeshaanguka. Hapo ndipo wananchi tungeweka nguvu, kudai kujua vifaa vya kujitenga na hitilafu ya jirani vimefungwa na vinajaribiwa. Swali hilo lina manufaa kuliko kuhesabu nani kamuuzia nani.

“Mafuta hayapo sheli, basi wameficha”

Wengine huficha kweli. Mwaka 2023, kukiwa na uhaba, EWURA ilifungia vituo vilivyobainika kuhodhi. Lakini mzizi wa msukosuko ule ulikuwa dola. Waagizaji walikuwa na shilingi, benki hazikuwa na dola za kutosha, na muuzaji wa Ghuba hapokei shilingi. Kenya, ikiwa kwenye shida ileile, Machi 2023 ilikubaliana na kampuni za Ghuba, Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, iletewe mafuta kwa mkopo wa miezi sita. Wauzaji walipata soko la uhakika, mnunuzi akapata pumzi. Uganda, iliyokuwa ikinunua kupitia kampuni za Kenya, iliona wafanyabiashara wa kati wanaipandishia gharama, na kuanzia katikati ya 2024 kampuni yake ya taifa ikaanza kuagiza yenyewe kwa ubia na Vitol, kampuni ya kimataifa ya biashara ya mafuta.

Nchi tatu, mafuta ya Ghuba yaleyale, mipango mitatu tofauti. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa hapahapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Ibara yake ya 101 inazungumzia ushirikiano wa nishati. Karibu mapipa milioni 20 kwa siku yalikuwa yakipita Mlango wa Hormuz mwaka 2024, kama moja ya tano ya matumizi ya dunia, na sehemu kubwa ya petroli na dizeli yetu hutoka upande ule. Siku mlango ule ukibanwa, boza la kwenda Kigali na boza la kwenda Moshi yatagombea tangi moja. Wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki wana makao yao mjini kwetu. Swali la kuwapelekea ni lini nchi wanachama zitakuwa na akiba ya pamoja ya mafuta, itawekwa wapi, na nani atakuwa na haki ya kuichota kwanza.