Miezi 2 ya dawa, na makohozi bado yana vijidudu

Mzee mmoja kutoka eneo la Walungu aliketi mbele yangu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, akiwa na fishi (kadi) yake ya matibabu ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isiilowanishe. Alikuwa amekamilisha miezi 2 ya dawa za kifua kikuu katika kituo cha afya cha kwao, na kila kisanduku cha fishi kilikuwa kimetiwa alama. Hata hivyo makohozi yake bado yalikuwa na vijidudu, na uzito wake haukuongezeka hata kilo 1. Pembeni mwa fishi muuguzi alikuwa ameandika: "Hamezi dawa."

Kwa miaka niliyotibu ugonjwa huu nimejifunza kutoyakubali maneno hayo kabla ya uchunguzi.

Mtu mzima ambaye vijidudu vyake havina usugu, yaani dawa za kawaida bado zinaviua, hutibiwa kwa miezi 6. Katika miezi 2 ya kwanza humeza kila siku vidonge vilivyochanganya rifampisini, izoniazidi, pirazinamidi na etambutoli, ambavyo kazi yake ni kuua haraka wingi wa vijidudu, na miezi 4 inayofuata hubaki na rifampisini na izoniazidi. Makohozi hupimwa mwishoni mwa mwezi wa 2, kisha wa 5 na wa 6. Vijidudu vikionekana mwezi wa 2, hilo ni onyo. Vikionekana mwezi wa 5, tunahesabu kwamba matibabu yameshindwa.

Mimi huanza na mizani, kwa sababu idadi ya vidonge hufuata uzito: mwenye kilo 40 hadi 54 humeza 3, na mwenye kilo 55 hadi 70 humeza 4. Nimekuta mizani ambayo mshale wake haurudi kwenye sifuri, na nimekuta mgonjwa aliyepanda kutoka kilo 51 hadi 57 akiendelea kupewa vidonge 3 vile vile, kwa kuwa hakuna aliyempima tena. Kisha nauliza habari za chakula. Rifampisini hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, lakini mtu aliyelala njaa akimeza vidonge alfajiri hupatwa na kichefuchefu, naye huamua kungoja bugali wa mchana, au huiruka siku hiyo. Mtu wa namna hiyo anahitaji kusaidiwa kupata chakula, na karipio halimfai kitu.

Usugu wa dawa lazima utafutwe mapema. Mashine ya GeneXpert, inayosoma vinasaba vya kijidudu katika makohozi, huonyesha usugu wa rifampisini kwa muda wa saa 2 hivi, ingawa haiwezi kutofautisha kijidudu kilicho hai na kilichokwisha kufa, na kwa hiyo maendeleo ya mgonjwa tunayafuata kwa darubini. Shida kubwa ni safari ya kikopo cha makohozi kwa pikipiki, wakati wa mvua, kwenye barabara ambazo vita huzifunga bila taarifa. Virusi vya UKIMWI na ugonjwa wa sukari hupimwa pia, na aliyefanya kazi machimboni huulizwa habari za vumbi la mawe, ambalo huharibu mapafu kwa namna yake.

Kwa mzee huyu mizani na chakula havikunipa jibu. Nikamwuliza: "Papa, nyumbani kuna mwingine anayekohoa?"

Aliinamisha macho. "Muganga, kuko mudogo yangu. Dawa tunagawanyaka."

Kila asubuhi aliweka vidonge 3 kwenye sahani, akameza 2, na 1 akampa mdogo wake, ambaye hakuwa na nauli ya kwenda kupimwa. Dawa hizi hutolewa bure, lakini pikipiki hailipwi na mtu. Kwa hiyo alama za fishi zilisema kweli, vidonge vilitoka na vikamezwa vyote, ila watu wawili walikuwa wakipata dozi isiyomtosha hata mmoja wao, na dozi pungufu ndiyo inayolea usugu.

Tulituma makohozi ya mzee siku ile ile, na wiki iliyofuata mdogo wake aliletwa na mhudumu wa afya wa kijiji. Kwa wote wawili hatukukuta usugu wa rifampisini. Mdogo alipata fishi yake na vidonge vyake, na mwezi wa 5 darubini haikuona kijidudu tena katika makohozi ya mzee.